Uji wa nyenje kwa Bibi

Bibi, shikamoo. Huku Kilakala mvua inateremka kutoka Uluguru tangu alfajiri. Mama mwenye nyumba kanipa uji wa mahindi unaonukia karanga za kukaanga, na kwa mbali dagaa. Nilipomaliza kikombe cha pili ndipo akaniambia, "Humo mna nyenje, mwanangu. Nimewakaanga, nikawasaga unga."

Ladha yake haiko mbali na ya panzi wetu, senene. Nikakukumbuka hapo Bukoba, miaka yote unamkaangia Babu senene na wewe huonji, kwa kuwa mila inakataza wanawake kuwala.

Nakuletea mfuko wa unga huu. Usijifiche nao jikoni, Bibi. Kaa barazani na Babu, mwambie ni nini, kisha unywe uji wake huku anakutazama.

Mjukuu wako akupendaye,
Koku