Jina Nililoshindwa Kulitaja Langoni

Kambi ya Moruko,
Siwai,
Bougainville.
14 Mei, 1995.

Mpendwa wifi Klementina,

Kwanza nisamehe. Barua yako ya Februari nimekaa nayo miezi mitatu bila kuijibu, na usije ukadhani nilikosa karatasi au kalamu. Nilichokosa ni uso wa kukuandikia. Sasa Sista wa misheni anaondoka kesho kwa helikopta, anakuja huko kwenu bara, Lae, na amesema barua hii atakupa mkononi. Sina tena pa kujificha.

Hujambo lakini? Mguu ule uliokuwa ukivimba umepoa? Watoto wanasoma? Huwa nakuwaza sana jioni nikisikia watu wanaimba kanisani, maana sauti yako ndiyo iliyokuwa ikituongoza.

Sisi tu wazima, kwa uzima wa watu wa kambini. Mama yako macho yanamsumbua ila ulimi uko palepale. Kaka yako Alfons bado anabeba bunduki upande wa kambi, wamempeleka pwani tangu mwezi wa pili na hatujamwona. Ursula ametimiza miaka mitano. Mchezo wake siku hizi ni kukaa mlangoni na kijiti, kila anayeingia anamuuliza, "Pasi yako iko wapi?" Juzi alimzuia bibi yake mpaka bibi akamtolea jani la tambuu, ndipo akamruhusu kupita. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Mashambani tunakwenda Jumanne na Ijumaa tu, kwa makundi, saa tisa lazima tuwe tumerudi. Taro zetu zina wenyewe wawili. Watu wa msituni, wanaopigana na serikali, wanachimba mistari ya juu ya shamba na kutuuliza kwa nini tunawalisha askari. Tukirudi, watu wa kambi wanachukua vikapu viwili na kutuuliza kwa nini tunawalisha wa msituni. Mimi huwajibu wote sawa: "Nalisha wanangu, nyie mnapita tu." Mdomo huo ninao kwa mambo ya taro. Ulipohitajika kweli, sikuwa nao.

Wifi, sasa nakueleza.

Mwisho wa Machi kitinda mimba wangu, Rosina, alishikwa na homa ile mbaya. Zahanati ya kambi ilikuwa na kitanda na daftari, dawa hakuna. Mtoto alikuwa ameanza kugeuza macho. Nikatuma neno juu, kwa njia ya wanawake wa shambani, kwa mdogo wako, shemeji yangu. Unajua watu wa msituni walimshikilia miaka yote hii kwa sababu anajua kudunga sindano. Bunduki hajashika hata siku moja. Nilimwambia neno moja tu: njoo.

Akaja, Jumanne ile kabla ya Pasaka. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa shamba, amekonda, suruali kaifunga kwa kamba. Alinipa vidonge kumi na viwili vya kwinini vimefungwa kwenye jani, nikaviweka chini ya taro. Kisha akasema, bila kunitazama, kama inavyopasa: "Mama Ursula, nimechoka. Leo naingia nawe. Utanitambua langoni, basi." Maana ndiyo sheria yao: anayetoka msituni akitambuliwa na ndugu, anaandikiwa pasi. Nikamwambia sawa.

Langoni palikuwa na koplo wa serikali, mtu wa milimani huko bara, na kijana mmoja wa wanamgambo wa kambi, mtu wa kaskazini. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupita, mimi nilibaki nyuma kwa sababu ya kunyonyesha. Koplo akauliza, "Mama, huyu ni wako? Jina lake nani?"

Wifi, unajua kwetu mke hataji jina la ndugu wa mumewe. Mdomo ukafunga wenyewe.

Yule kijana akacheka. "Kaokota bwana njiani huyo! Hata jina hajamuuliza!" Kisha akasema, "Kama ni wako, tua kikapu tukikague, maana anatoka kwa wale."

Nikaangalia chini. Nikashika kikapu. Koplo akangoja, akangoja tena, akasema, "Mama, pita." Nikapita. Nyuma yangu nilisikia wakimwambia apige magoti.

Rosina amepona kwa vidonge vile. Leo anasimama kwa kushika ukuta, ana meno manne, anauma.

Nyumbani nilisema mila ilinifunga kinywa. Mama yako akanisifu, analia huku ananisifu: "Umefanya vizuri, mwanangu. Siku hizi watu wanatupa majina ya wakwe zao ovyo kama maganda ya ndizi." Sifa hiyo nimeila wiki nne.

Baada ya siku nane nilimfuata koplo, nikamweleza kuwa yule ni shemeji, ndiyo maana sikumtaja. Akanitazama sana. Akasema, "Mama, hata kwetu mimi sitaji jina la mama mkwe wangu. Ungeniambia 'ni shemeji' tu, ningeelewa. Sasa nimeshaandika kwamba hana mtu."

Neno moja, wifi. Halikukatazwa na mila yoyote. Nilikuwa nalo ulimini. Nilinyamaza kwa ajili ya vidonge, kwa sababu wangevikuta. Ukiniuliza kama ningefanya vingine, huku mtoto wangu anageuza macho mgongoni, sitakudanganya, sijui. Lakini kuisingizia mila ya wakwe, hilo ni kosa langu peke yangu.

Juzi nilimwambia mama yako ukweli wote. Akasema, "Mwandikie dada yake." Tangu hapo hali chakula changu. Amepanga mawe yake matatu kando, anajipikia mwenyewe na macho yale. Sijamlaumu.

Mdogo wako yu hai. Wamemfungia kwenye stoo ya shule karibu na uwanja wa ndege. Mwanamke anayewapikia askari amemwona. Mwisho wa Juni meli inawachukua wote waliomo, na waliochukuliwa mwaka jana hatujasikia habari zao. Koplo amesema ofisa wao anakubali cheti cha kanisa, picha, na ndugu wa kusimama mbele na kumtaja. Nitasimama mimi. Mama yako ameruhusu. Jina ni Venantius Opisa. Nimeliandika na nitalisema kwa sauti, atakayeniona sina adabu na anione.

Nakuomba usiweke barua hii chini kwanza ulie. Parokia iliyombatiza ilihamishia madaftari yake huko Lae, kwa hiyo anza hapo.

Wasalimie watoto wote, na mzee wako Gideon, na mama mdogo Perpetua kama bado yuko kwako. Ursula anakusalimu. Mama yako hakusema nikusalimie, ila aliniletea taa ya mafuta ya nazi nilipokuwa naandika, nami nahesabu hiyo ni salamu yake. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, na akupe moyo mpana kuliko ninaostahili.

Vya kutuma nimeviandika chini ya jina langu, ukate kipande hicho uende nacho.

Ni mimi wifi yako, niliyekukosea na ninayekupenda,
Skolastika

Cheti cha ubatizo cha Venantius Opisa, chenye muhuri.
Picha yake ile ya siku alipomaliza mafunzo ya utabibu, uso uonekane.
Barua yako kwamba ni mdogo wako, tumbo moja, uisaini mbele ya padri.
Kwinini, ya mtoto na ya mtu mzima.
Chumvi.
Sindano ya kushonea na uzi mweusi.
Suruali moja ya mwanamume. Usipime kwa mwili wake unaoujua, chukua ya mtu mwembamba.