Msomee kwa Sauti Yangu

Jumatatu, tarehe 4

Bibi,
Shikamoo. Mguu unasemaje? Mimi mzima, usingizi tu ndio haba. Babu yuko vilevile, siku ya kumi na tisa sasa, mashine inampumulia. Nakaa naye namsemesha polepole, kama wauguzi walivyonielekeza. Kimya. Daktari anasema ndani hamna mtu tena. Ijumaa anataka sahihi yangu, maana ndugu aliyepo hapa ni mimi tu, ili mashine izimwe.
Mjukuu wako

Jumatano, tarehe 6

Mjukuu,
Marahaba. Mguu umevimba, na salamu zako fupi kama mkia wa mbuzi.

Daktari kaingia ndani lini akaona hamna mtu? Nilipomzaa marehemu mama yako nilizimia. Nilikuwa kama niko chumba cha nyuma kabisa, milango yote wazi, sauti zinanijia taratibu kama zimevaa soksi. Nikamsikia mkunga akisema, "Huyu kashaenda." Nilitaka kumzaba kofi, ila mkono sikujua niliuacha wapi. Nilikuwepo, mjinga wewe.

Na hilo la kumsemesha polepole umelitoa wapi? Nyumba hii nani alimsemesha polepole miaka arobaini? Anadhani yuko ugenini, na ugenini babu yako hafungui mdomo. Msomee haya, kwa sauti yangu:

"Wewe fundi viatu, mabuti ya watu yamejaa chini ya kitanda changu, kopo la gundi umeliacha wazi, na wenye viatu wanagonga mlango. Amka uwajibu mwenyewe."

Usitie sahihi.
Bibi yako

Ijumaa, tarehe 8

Bibi,
Shikamoo, na pole ya mguu. Nimesoma kwa ukali mpaka mfagizi akasimamisha ufagio. Bibi, uso wa Babu uligeuka kidogo kidogo, ukaelekea ukutani. Daktari akasema ni mwili tu unajitikisa. Nikamwomba asome yeye, akasoma kwa adabu zake. Babu wala. Nikarudia mimi, akakunja uso. Daktari ameirudisha fomu mfukoni mpaka Jumatatu. Niandikie mengine ya kumsomea.
Mjukuu wako

Jumamosi, tarehe 9

Mjukuu,
Marahaba. Ukutani ndiko alikogeukia kila nilipomfokea. Miaka arobaini nimesema na mgongo, nikijiambia hili gogo halisikii, ndiyo maana sikuchagua maneno. Kumbe yote yaliingia.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Ya kumfokea yapo tele, siyaandiki. Lililobaki si la kusomewa na mtoto. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, mimi napanda la kesho, mguu utake usitake. Usimwambie nakuja.
Bibi yako