Fundi Miwani Anaondoka Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka darasani sasa hivi, njaa inaniuma, lakini acha niandike kwanza. Leo Mwalimu wa Kiingereza katupa "miss out". Eti ni kukosa kitu kizuri ambacho ungekipata kama usingezubaa. Tulete sentensi Alhamisi. Na sharti lake ni lile lile: sentensi iwe ya kweli, ya maisha yako mwenyewe. Usimame, usome, na jirani yako akujibu papo hapo kwa Kiingereza.

Jirani yangu ni Fundi Miwani. Tumekaa dawati moja tangu darasa lianze. Ana kiduka chake karibu na posta, ana mwanya, na akiwaza jambo anavua miwani anaifuta kwa pindo la shati. Wateja anawakataza wasifanye hivyo! Nimemshika mara ngapi.

Basi tunakusanya vitu vyetu, ananiambia kama anayezungumzia mvua: amepata kazi kwenye karakana kubwa ya miwani, mji mwingine. Anaondoka Jumamosi kwa basi la mchana. Nikasema hongera. Hongera! Sauti yenyewe kama ya mbuzi.

Kazi hiyo ameihangaikia sana, najua. Ningekuwa ndugu yake ningemfungia mizigo. Lakini mimi si ndugu yake. Jamani, si ndugu yake hata chembe!

Jumanne, 4 Machi

Sentensi ya kwanza: *I missed out on breakfast because I slept too much.* Ni ya kweli na haina madhara.

Ya pili: *If he goes on Saturday and I say nothing, I will miss out on a good man.* Nimeikata. Nimeiandika tena. Nimeikata mpaka karatasi imetoboka.

Shangazi kaniuliza nacheka nini peke yangu. (Saluni ninakosukia ni yake, bosi ni yeye, na ni dada wa baba – ukikorofishana naye hapa umekorofishana naye mpaka nyumbani.) Nimemwambia ni mafua. "Mafua ya kuchekesha hayo," kasema, "usije ukaniambukizia wateja."

Jumatano, 5 Machi

NIMEKUFA. Nizikeni.

Pale saluni tuna mazoea: mtu akiwa chini ya drya hasikii. Shangazi humsengenya mteja mbele ya pua yake, na mteja anatabasamu tu huku kofia la drya linamnguruma masikioni. Mimi tangu nianze Kiingereza nafanyia mazoezi hapo hapo. Nasimama mbele ya mama mwenye rola kichwani, namsomea sentensi zangu, ananiitikia kwa kichwa. Hakuna mwanafunzi mwenye wasikilizaji wapole kama mimi.

Leo kaja mteja mgeni, mama mmoja nesi, mkubwa kwangu, mcheshi. Nikamfunga rola, nikamweka chini ya drya. Shangazi katoka kufuata maji. Nikaanza. Ya kwanza, nikasoma. Ya pili, nikasoma kwa madaha, mkono kifuani. Halafu mdomo ukanogewa, nikaingia kwenye Kiswahili: kwamba huyo Fundi Miwani wa pale posta ananitoa akili, kwamba mwanya wake ungetosha kuniweka macho wiki nzima, kwamba akipanda hilo basi nitakaa na hasira mpaka nizeeke. Nikaigiza na anavyofuta miwani.

Mama wa watu akafumbua macho. "Mwanya huo," kasema, "hata mimi ninao." Akacheka. Ndiyo! Ule ule!

Drya ilikuwa imejizima zamani. Kilichokuwa kinanguruma ni redio ya Shangazi! Na fundi ninayemsema ni mdogo wake, kitinda mimba, kamlea yeye mwenyewe.

Nikaomba radhi, nikaangusha vitana, nikaokota, nikaangusha tena. Nikamsihi, dada yangu, nisitiri. Kasema yeye si redio. "Lakini sema mwenyewe, mdogo wangu. Ukinyamaza nitasema mimi – na mimi nikisema huwa natia chumvi."

Nimemtoa rola moja moja. Nywele zimetoka vizuri ajabu.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikwenda darasani nimeapa: leo nasoma ya pili. Potelea mbali.

Nikasimama. Nikasoma… ya kifungua kinywa. Mwoga mkubwa mimi! Fundi akanijibu kwa upole, *I am sorry, tomorrow wake up early.* Mwalimu kafurahi. Mimi natamani sakafu ipasuke.

Ikawa zamu yake. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akasoma: *My sister says I will miss out on something if I go on Saturday, but she refuses to tell me what.*

Yule dada! Si redio, eh? Kumbe ni tangazo la nusu!

Na wa kujibu ni mimi. Kichwani hakuna hata neno moja la Kiingereza, hata "yes" imehama. Mwisho nikasema, *Your sister is very intelligent.* Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliniangalia hivi… siwezi hata kuandika. Mwalimu kamaliza somo, nikashika mkoba nikatimua mbio kama niliyeacha jiko linawaka.

Nimeshindwa kula. Mimi! Mama kanishika paji la uso akidhani nina homa.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana nimemwambia Shangazi macho yananisumbua. Kasema, "Macho?" Kwa namna hiyo. Lakini kaniruhusu.

Fundi yuko peke yake, masanduku mawili yamefungwa, yameegemezwa ukutani. Kanikalisha kwenye kiti cha kupimia, akaniwekea yale mafremu mazito, akaanza kubadilisha vioo. Soma mstari wa mwisho. Naona herufi zote, mpaka jina la kiwanda lililoandikwa chini kabisa! Nikasema sioni. Akabadilisha. Sioni. Akasogea. Sioni kabisa. Uso wake uko hapa, mkono wake unanuka sabuni, na mimi nimegeuka kipofu kwa hiari yangu.

"Msusi," kasema, "vioo hivi vya mwisho ni vitupu. Havina kitu. Macho yako ni mazima kuliko yangu."

Aibu! Lakini nikacheka, naye akacheka, mwanya wote nje. Halafu akawa hacheki tena. Kauliza dada yake alikuwa na maana gani. Kitu gani hicho atakachokikosa?

Nikafungua mdomo nimwambie sijui. Mlango ukasukumwa, mzee mmoja akaingia na miwani imevunjika mguu, anataka ishikizwe sasa hivi. Nikajua nikitoka nimetoka. Nikasema, "Kitu chenyewe ni mimi."

Hivyo hivyo! Mbele ya mzee! Fundi kabaki na bisibisi mkononi. Mzee kasema, "Haya, kazi kwako, bwana." Sikusubiri jibu. Nimefika saluni na yale mafremu bado yako usoni, Shangazi kaninyooshea kioo.

Nimeyarudisha kwa mkono wa Mama. Hakuna ujumbe aliokuja nao. Kasema kamkuta anahesabu lenzi, kashukuru, basi. Kashukuru!

Sijutii. Nalia kidogo lakini sijutii. Nimesema kwa mdomo wangu mwenyewe!

Jumamosi, 8 Machi

Niko stoo, nyuma ya pazia, mgongo kwenye maboksi ya shampuu. Nimemwambia Shangazi nafuata pini.

Bibi harusi yuko kitini, nusu ya kichwa tayari. Wapambe wake wamejaza saluni, kelele, vicheko, marashi. Nilikuwa nasuka vizuri kabisa, najikaza, siangalii saa. Mchana ndio huu. Nikawaza, sasa wanapakia mizigo, sasa dereva anapiga honi.

Mlango ukafunguliwa – na ni yeye!

Wanawake wote wakageuka. Shangazi kamuuliza, baba, na wewe unasukwa? Kajibu anasubiri mtu. Ni nani, kauliza Shangazi, na huku anajua, mnafiki yule! Kasema, "Msusi akimaliza. Sina haraka." Akaketi kwenye benchi, katikati ya wapambe, magoti pamoja. Mmoja kampa kioo ashike. Anakishika!

Sina haraka! Na basi?

Nimechungulia tena. Amevaa shati zuri. Anafuta miwani. Pembeni yake hakuna kitu, miguuni hakuna kitu. Mlangoni je? Hakuna. Hana begi. Hana hata mfuko!

Mungu wangu, na ile kazi? Ameiacha? Ameahirisha? Asije akaikosa kwa ajili yangu, nitamfukuza kwa kitana mpaka stendi! Asiende. Aende. Asiende! Na kule nje kuna nusu kichwa cha bibi harusi kinaningoja.

Shangazi anaita. Anasema pini ziko mezani, zilikuwa mezani tangu asubuhi, nitoke.

Natoka. Kwanza nifute machozi haya.