Dume wa Kichuguuni

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Majike wa kongoni wamefika mbugani mapema, na ndama wao, kufuata majani yaliyochipua baada ya moto. Dume yuko juu ya kichuguu. Mwaka wa pili huu, kichuguu kilekile. Anapiga magoti, anasugua uso ardhini, anasimama tena. Chai bila sukari. Tangu lori limchukue mke wangu Zena na vyombo vyetu kwenda kijiji kipya, jirani yangu ni huyu. Mimi bwana nyama, nimeachwa nilinde wanyama.

Jumanne, 3 Septemba
Upepo. Dume mgeni kaja kujaribu bahati. Wamepigana wamepiga magoti, pembe kwa pembe. Mgeni katimua mbio, hata lendirova isingemshika. Wangu kamfukuza mpaka kwenye rundo la kinyesi chake, mpakani, akarudi zake. Nimecheka peke yangu. Sauti yangu imenishtua.

Jumatano, 4 Septemba
Mwenyekiti wa kijiji kaja kwa baiskeli. Jumamosi wanafungua kijiji, wageni watatoka Tabora. Kaleta kibali cha kongoni mmoja. Nikasema majike wananyonyesha.

“Basi yule anayesimama kama askari wa zamu,” kasema. “Mlaze tu, umchinje mwenyewe. Usituletee kibudu, bwana nyama, nusu ya kijiji watalala na njaa. Bi Zena kasema atakupikia.”

Miezi mitatu sijala chakula cha mkono wake. Nimefurahi. Kisha nimeona haya.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimemkaribia hatua thelathini. Hakimbii, amenizoea. Ili nimchinje akiwa hai, nimvunje nyonga kwanza, kisha nimshike pembe. Ataniangalia. Sitaki. Nampenda, basi. Mtu mzima kuandika hivi! Nimesafisha bunduki mara mbili.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimempiga moyoni. Hakuwahi hata kugeuka. Nilipofika na kisu, alikuwa amekwisha kufa.

Nilikusudia.

Ningeweza kupitisha kisu na kunyamaza. Lakini kuwalisha watu haramu, hapana. Kijijini nimesema kweli: kibudu. Wakristo wamekula. Sisi wengine ugali kwa mlenda. Mwenyekiti kaniambia mkono umezeeka, watu wakacheka, na wageni wakacheka. Zena alikwisha kutwanga viungo. Kavimwaga.

“Miaka ishirini hujakosea,” kasema. “Leo, siku niliyokungoja?”

Nimesema ni upepo. Upepo haukuwapo. Anajua.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimerudi jana. Zena hakunisindikiza. Nilitaka kumwambia, nikaona atadhani nimemchagua mnyama. Labda ni kweli.

Chai bila sukari. Dume mgeni yuko juu ya kichuguu, anasugua uso palepale. Majike hawakujali.

Nimegeuza kiti, nikaelekea njia ya zamani ya misafara, ile iendayo kijijini. Nimekaa mpaka jua kuchwa. Hakupita mtu.