Vidole Vinavyotangulia

Jumapili, baada ya chakula cha jioni

Leo mtandao ulikuwa mzuri, na ndiyo sababu nimeshindwa.

Hapa Gongoni mtandao ni mzito; kila nikigusa kioo cha simu kufuata mdundo wa wimbo, mchezo huupokea mguso wangu umeshachelewa. Kwa hiyo nimejizoesha kugusa kabla ya mdundo wenyewe. Miezi mitatu nimefanya hivyo, ili rafiki yangu Zuhura asikose mwenzake wa kucheza naye. Tangu yeye na wazazi wake wahamie Mombasa, mchezo huu wa muziki ndio uliobaki kati yetu.

Alasiri tulikuwa tunawania nafasi katika mashindano ya wawili wawili. Mtandao ukatulia ghafla, sijui kwa nini. Vidole vyangu havikujua. Viliutangulia mdundo wimbo mzima, na alama zetu zikaporomoka.

Zuhura akanipigia, anacheka. "We Dama, wakimbizwa na nani?"

Nikamweleza habari ya mtandao. Kicheko kikaisha.

"Kila wiki mtandao, shoga yangu. Kuna msichana darasani kwetu ameniomba nicheze naye. Kwao haukatiki."

Nikasema sawa. Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini mimi kwenye simu si msemaji.

Hata kanisani asubuhi, nikipiga kayamba, mwalimu wa kwaya alinigeukia. "Dama, mbona watuacha nyuma?" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao.

Sasa nimeweka wimbo wetu, najaribu kuungoja mdundo kwa kidole kimoja juu ya daftari hili. Nimerudia mara nyingi. Bado nautangulia.