Saa Iliyoongezwa Mara Mbili

Modbury,
Jumanne, 3 Juni

Dada yangu Honor,

Salamu nyingi, na pole tena kwa nyonga. U hali gani? Usingizi unakuja? Unatumia yale magongo, au umeshayatupa pembeni unajikokota kwa kushika meza, kama ninavyokujua? Mimi sijambo. Mafua niliyotoka nayo mtoni yamepungua, na miguu ni mizima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikitaja jina la mumeo unanikatia. Barua hukati. Hata ukiichana utaviokota vipande uvisome, maana umbea hujauacha tangu utotoni.

Nasikia Clem bado analala chumba cha cherehani. Nasikia pia kwamba ukitaka akupishe jikoni, unamwambia mbwa amwambie. Siku kumi na moja, Honor! Mtu mzima na akili zake anatumiwa mbwa! Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujaongeza siku ya kumi na mbili.

Kwanza nikushukuru. Miaka kumi na minne tumeitembea njia ya pwani, kipande kila mwaka, mvua ikitunyea na wewe ukinitukania viatu vyangu, na sijawahi kukuambia kwamba hizo ndizo wiki nilizokuwa nazisubiri mwaka mzima. Tukabakiwa na kipande kimoja tu, cha kutoka Bigbury hadi ng'ambo ya mto Erme. Kila tukifika tunakuta maji yamejaa, tunapanda teksi kuzunguka, wewe unasema mwakani. Mto wenyewe hauna daraja wala mashua. Unavukwa kwa miguu, kuanzia saa moja kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa moja baada yake, basi. Ulipovunjika nyonga ulilia, na si kwa maumivu, ulikililia kipande hicho. Ukasema nenda kwa niaba yetu, Clem atakusindikiza. Nami nikanuna. Unajua nilivyokuwa namwona shemeji: mtu wa kusimama kila mlima kusifia ng'ombe wa watu.

Basi tulikwenda, na ng'ombe walisifiwa kweli. Tulipofika kwenye lile geti la kupita mmoja mmoja, ambapo aliyetangulia humdai busu anayemfuata, Clem alidai biskuti, akasema busu langu lina masharubu. Nikamwambia yeye ndiye ana mdomo kama wa chewa. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani. Upande wa bahari maua ya rangi ya waridi yalikuwa yamejaa hadi ukingoni mwa majabali, na kwa mara ya kwanza nilielewa ulichokiona kwake. Nilichelewa miaka thelathini na mbili, lakini nilielewa.

Sasa habari ya maji. Marehemu baba alitufundisha kwamba serikali ikisogeza saa mbele mwezi wa tatu kwa ajili ya kiangazi, kitabu cha saa za maji kujaa na kupwa hakisogei, kwa hiyo ongeza moja. Hakuna mtu wa mwambao huu asiyeongeza moja. Tumeinyonya na maziwa. Kitabu kilisema maji yatapwa saa sita mchana, ikaongezwa moja, ikawa saa saba. Kumbe kitabu cha mwaka huu kimetoka na saa imekwisha kuongezwa, na wamelieleza hilo kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Hayo Clem alikueleza jioni ile ile, akasema yeye ndiye mjinga aliyeongeza mara mbili. Ukamwita muuaji.

Tulifika ukingoni saa saba kasoro robo. Tukakaa tukala pai zetu za nyama na chai, taratibu, kwa kuwa eti tulikuwa na muda wa kumwaga. Clem akauliza mbona maji ni kama yanarudi. Nikamuuliza amekuwa nahodha tangu lini. Akavua viatu.

Tuliingia saa nane kasoro. Mwanzo maji yalikuwa ya magoti, baridi ya kung'oa meno. Katikati yakafika kiunoni, na yalikuwa yanasukuma kwenda bara, Honor. Maji ya bamvua, yale yanayojaa kwa nguvu kuliko yote, hayana utani. Clem akapiga kelele turudi, tuelekee kwenye mwamba mweusi tulikotoka. Nikageuka, nikaenda upande mwingine kabisa, kwenye kina. Mchanga ukaniishia chini ya miguu. Nilikunywa maji mpaka nikasema leo ndiyo leo.

Mumeo hajui kuogelea. Unajua hivyo kuliko mimi. Hata bafuni unamcheka. Alinifuata kule kule, maji yakimfika kifuani, akaukamata mkoba wangu, kisha mkono. Akanirudisha hatua kwa hatua, huku akisema bila kukoma: inua mguu, bibi jeuri, hapa kuna jiwe, hapa pana shimo, haya tena, usiniponyoke, nitamwambia nini Honor? Hakuniachia hadi tukafika kwenye nyasi. Pale akatapika, maskini, akaniomba radhi kwa kutapika.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kitabu cha maji hakikuwa kwa Clem. Kilikuwa mfukoni mwangu siku zote. Alikiomba mara mbili nikamnyima, nikamwambia mtoto wa mvuvi hafundishwi maji na fundi saa. Mimi ndiye niliyeongeza. Yale maandishi ya chini ya ukurasa sikuyasoma kwa sababu siwezi kuyasoma. Mwamba mweusi sikuuona. Macho yangu yanakwisha, Honor. Daktari aliniambia mwezi wa pili: katikati ya kila ninachokitazama pana doa la kijivu, linakua, na halina dawa ya kuliondoa. Ndiyo maana herufi hizi ni kubwa kama za darasa la kwanza. Nilikuficha kwa kuwa ungenikataza kutembea, na ungekuwa na haki. Nilimpa Clem kisogo, karibu nimuue, kwa kiburi tu.

Aliijua siri yangu pale majini, nilipogeukia kusiko. Ndani ya gari, tukiwa tunatetemeka wote wawili, nilimwambia nitakupigia nikueleze. Akakataa. Akasema, shemeji, Honor akinigombeza mimi, atachoka mwezi mmoja yaishe. Akijua habari ya macho yako atalia, na mguu ule, kitandani peke yake. Afadhali anigombeze mimi kuliko akulilie wewe. Kisha akapiga simu, akakuambia amekosea saa.

Nami nikamwachia. Siku kumi na moja nimekunywa chai yangu huku yeye akiongea na mbwa. Nisamehe, dada. Naye muombe anisamehe, maana mimi nikijaribu ananikatiza kwa habari za ng'ombe. Mungu akikupa mume kama huyo, humlazi chumba cha cherehani.

Leseni ya gari nimeirudisha jana. Kulia unaweza kulia, lakini lilia kwake, ndani ya nyumba.

Jumamosi hii maji yanapwa saa saba kasoro dakika kumi. Kitabu kasoma Clem, leo asubuhi kwenye simu, na miwani yake miwili. Ametaka kunishika mkono tuvuke tena, kabla doa halijameza kila kitu. Binti yenu atakuleta kwa gari mpaka ng'ambo, upande wa Mothecombe, ukae kwenye kiti na magongo yako. Nisalimie wote hapo nyumbani, na mbwa mwambie kazi yake imekwisha.

Nitakapokuwa katikati ya maji, usinipungie mkono, sitauona. Niite.

Ni mimi mdogo wako,
Thirza