Majina Yaliyoitwa Ghalani

Kitaya,
Mtwara.
14 Julai 2025

Mpendwa Kaka Fadhili,

Assalaam alaykum. U mzima huko Pemba ya Msumbiji? Mgongo je? Wifi Maria na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua, ila nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya. Simu yako haipatikani tangu Ramadhani, ndiyo maana nimemshikisha Rajabu barua hii avuke nayo Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo.

Kaka, Sabra wangu wanataka kumfukuza chuo. Ndiyo, chuo kile kile.

Yuko mwaka wa mwisho. Aliambiwa aandike tasnifu, akachagua historia ya chuo. Kitabu chao kinasema kilianza kwa hisani ya wakubwa waliokuja kukata utepe. Yeye akaandika niliyomsimulia: kwamba wewe na walimu wenzako mlidai chuo kikuu cha kusini, mkagoma, mkafukuzwa ualimu wote thelathini na mmoja, marehemu baba akatoa korosho zake ghalani ili msome humo, mpaka Serikali ikachoka kuwatawanya, ikajenga pale pale. Wanasema ametunga. Alhamisi ya wiki ijayo anasimama mbele ya kamati. Bila ushahidi, anarudi hapa kulima mihogo.

Mtoto hali, halali. Kila siku ni swali moja: "Mama, lile gunia liko wapi?"

Gunia unalijua. Daftari hamkuwa nalo, kila mmoja akaandika jina lake juu ya gunia hilo kwa wino ule wa kuandikia magunia. Ulipovuka mto uliniachia nilitunze. Basi mwaka ule wa njaa nikaanikia makopa ya mihogo juu yake, mvua ikalinyeshea msimu mzima. Halina hata herufi moja, kaka. Naona aibu kukuandikia. Sabra sijamwambia, namwambia analo mjomba wake.

Najua uliapa hutarudi. Hata kumzika baba hukuja, nami nikakununia miaka na miaka, kwa ukaidi tuliourithi pamoja. Leo nimeumeza. Maji yamenifika shingoni.

Kila asubuhi ulikuwa ukiita majina mlangoni pa ghala, mimi nje nakoroga uji nasikia. Tangu juzi najaribu kuyakumbuka. Nafika saba, nakwama. Wewe ulikuwa hata gunia huliangalii. Njoo uyaite mbele yao, yote.

Mama mdogo Asha anakusalimu sana, na Bakari pia. Sabra hajaniagiza salamu. Amekaa barazani anasubiri gunia.

Mwenyezi Mungu akuvushe salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nilipokununia,

Hawa